Chapa Juu ya Chapa: Namna ya Kuisoma Fedha ya Kale

Fedha ikiisha nguvu ya kununua haiishi maneno yake. Katika nyumba nyingi za Gitega na Muyinga, juu ya kabati au chini ya kitanda, limo kopo la bati ambalo halifunguliwi ila siku ya msiba au siku ya kuhama. Ndani yake hukutwa cheti cha ubatizo au cha ndoa, picha iliyofifia, ufunguo usiojulikana ni wa mlango gani, na chini kabisa sarafu chache na noti zilizokunjwa mara nne. Watoto huzichezea. Mama wa nyumba huzisugua kwa majivu ili zing'are. Mwishowe hupita mchuuzi akazichukua kwa bei ya mche wa sabuni.

Ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Baadhi ya fedha hizo zina alama iliyotiwa juu yake baada ya fedha yenyewe kuwa imekwisha tengenezwa na kutumika. Ajuaye kuisoma alama hiyo hujua ni nani aliyekuwa akitawala, ni nani aliyempokea, na fedha hiyo ilikuwa mikononi mwa nani siku madaraka yalipobadilika. Asiyejua huona uchafu tu, akaufuta.

CHAPA YA PILI NI NINI?

Sarafu huzaliwa kwa chapa ya kwanza. Kipande cha madini huwekwa katikati ya vyuma viwili vilivyochongwa, kikagongwa kwa nyundo au kubanwa kwa mashine, kikatoka na sura ya mfalme upande mmoja na maandishi upande wa pili. Chapa ya pili huja baadaye. Mtawala mwingine, au mkuu wa jeshi, au serikali ya mji, huichukua sarafu ile ile, akaiweka juu ya fuawe, akaigonga kwa chuma kidogo chenye alama nchani: herufi mbili tatu, kichwa cha mnyama, taji au nyota. Kwa pigo moja huwa amesema, "Fedha hii sasa naitambua mimi."

Sababu za kufanya hivyo zilikuwa nyingi. Pengine madini ya kutengenezea sarafu mpya hayakuwapo. Pengine fedha ya kigeni ilikuwa imejaa sokoni, na serikali ikataka kutenga iliyoruhusiwa na isiyoruhusiwa. Pengine sarafu ilikuwa imechakaa hata watu wakaikataa, ikabidi ithibitishwe upya. Na mara nyingine mtawala alikuwa ameanguka, na aliyeshika nafasi yake hakuwa na nafasi ya kungoja mafundi.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mfano wake ulionekana Msumbiji. Mwishoni mwa karne ya 19 Wareno waligonga herufi PM chini ya taji dogo juu ya rupia za Bara Hindi na riale za Maria Theresa zilizokuwa zikizunguka huko. Herufi hizo zilimaanisha Jimbo la Msumbiji. Riale ile ilikuwa na sura ya malkia wa Austria, ilikuwa imepita mikononi mwa Waarabu na Wahindi, na sasa ilibeba taji la Ureno.

ASKARI WA ROMA NA MSHAHARA WAKE

Elimu ya kutambua chapa za pili imekomaa zaidi katika fedha za Warumi wa kale, na ni vyema kuanzia huko kabla ya kurudi Burundi. Askari na polisi watapendezwa kujua kwamba sehemu kubwa ya chapa hizo ziligongwa jeshini.

Mwaka wa 9 baada ya Kristo, jemadari Varus aliingia katika misitu ya Ujerumani na majeshi matatu makubwa, la 17, la 18 na la 19. Alivamiwa njiani na makabila yaliyoongozwa na Arminius, mtu aliyewahi kulitumikia jeshi la Roma mwenyewe. Majeshi yote matatu yaliangamia, na Varus alijiua. Kwa karne nyingi wasomi walibishana mahali vita hivyo vilipopiganwa.

Mwaka 1987 afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akihudumu Ujerumani, Tony Clunn, aliyepoteza saa zake za mapumziko kutafuta mabaki ya kale, alikuta sarafu za Kirumi huko Kalkriese, karibu na mji wa Osnabrück. Wataalamu walipochimba walipata mabaki mengi ya vita, na kati yake sarafu nyingi zaidi. Baadhi ya zile za shaba, zilizotengenezwa katika mji unaoitwa leo Lyon, Ufaransa, zilikuwa na chapa ya pili yenye herufi VAR zilizoshikana.

Hapo ndipo faida ya elimu hii ilipoonekana. Varus alishika uongozi huko Ujerumani mwaka wa 7. Kwa hiyo sarafu yenye herufi zake haikuweza kufika Kalkriese kabla ya mwaka huo. Tena katika sarafu zote zilizopatikana hapo, haikuonekana hata moja iliyotengenezwa baada ya mwaka wa 9. Mlango ulifungwa pande zote mbili. Wapo wataalamu walioendelea kusema kwamba mabaki hayo yaweza kuwa ya vita vya miaka michache baadaye, lakini walio wengi wamekubali kuwa Kalkriese ni mahali pa msiba ule, na ushahidi mkubwa umetokana na alama ndogo kuliko punje ya mahindi.

Huko huko zilipatikana sarafu zenye chapa C VAL. Inadhaniwa kuwa ni ya Numonius Vala, msaidizi wa Varus. Mwandishi wa Kirumi Velleius ameandika kwamba siku ya maafa Vala aliwaacha askari wa miguu, akakimbia na wapanda farasi kuelekea mto Rhine, wala hakufika. Chapa za namna hii hufikiriwa kuwa zilitiwa kwenye fedha waliyogawiwa askari kama bakshishi. Askari alipoitazama fedha yake alipaswa kumkumbuka aliyempa. Jina la mkuu aliyesimama na jina la mkuu aliyekimbia yamebaki yote mawili, na hakuna aliyeweza kulifuta lake.

Jeshi la 10 la Roma, lililowekwa Yerusalemu baada ya mji huo kutekwa mwaka 70, liligonga herufi za jina lake, nguruwe mwitu au jahazi, juu ya sarafu zilizochakaa za miji ya jirani. Na mwaka 68, Kaisari Nero alipoasiwa, waasi waligonga herufi SPQR, yaani Baraza la Wazee na Watu wa Roma, juu ya sura yake katika sarafu. Maneno yao yalikuwa wazi: fedha ni ya umma, si ya mtu huyu.

KUTOKA RUPIA HADI FARANGA

Burundi haina sarafu za Kirumi za kusomwa katika makopo ya nyumbani, na anayedai kuuza moja katika soko la Muyinga atazamwe kwa macho mawili. Lakini Burundi ina historia yake ya alama juu ya alama, na imo katika karatasi.

Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao wa Urundi Gitega mwaka 1912. Fedha yao ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 ilikuwa ikigawanywa katika heller 100. Vita vya kwanza vya dunia vilipowakatia njia ya baharini, walitengeneza sarafu za heller 20 katika Tabora mwaka 1916, zenye herufi ndogo T. Mwezi wa Juni mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia Gitega, na rupia ikaanza kuipisha faranga ya Kongo. Hata stempu za barua za Kongo zilipigwa juu yake neno URUNDI, na nyingine maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yanayosema kuwa nchi hii ni Afrika ya Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Wabelgiji. Tangu mwaka 1924 yakafuata maneno RUANDA URUNDI. Nchi ilibadili mwenye nyumba, na stempu zikaeleza.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Burundi zilipewa benki yao ya pamoja ya kutoa noti. Noti hizo zilikuwa na picha za wanyama: kiboko katika faranga 10, mamba katika 20, simba jike katika 50, kifaru katika 500, punda milia katika 1000. Uhuru wa nchi hizi mbili ulikuja tarehe 1 Julai 1962, lakini benki na fedha zikaendelea kuwa za pamoja kwa muda. Mwaka 1964 ushirika huo ulivunjika.

Sasa pakawa na kazi ngumu. Noti za aina moja zilikuwa katika nchi mbili zilizotengana. Noti mpya hazitengenezwi kwa siku moja. Ndipo noti zile zile za wanyama zilipopigwa chapa ya pili. Upande wa Rwanda zilitiwa muhuri wa benki ya taifa ya huko. Upande wa Burundi ziliandikwa neno moja, BURUNDI, kwa herufi kubwa zenye uwazi ndani, zilizopita mshazari juu ya noti. Hali hiyo ilihusu noti zote, tangu faranga 5 hadi 1000. Muda wa kubadilisha ulipokwisha, noti isiyo na neno lile haikuwa tena fedha ya Burundi, hata kama ilikuwa safi kama iliyotoka benki asubuhi.

Mwaka 1964 na 1965 zilitoka noti za Benki ya Ufalme wa Burundi, na mwaka 1965 sarafu ya faranga 1 ya shaba ya manjano. Hazikukaa sana. Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme uliondolewa na Jamhuri ikatangazwa. Noti za ufalme zilikuwa bado nyingi na nzuri. Zile za faranga 20 na zaidi zikapigwa chapa juu ya neno la ufalme: kwa Kifaransa DE LA REPUBLIQUE, na kwa Kirundi YA REPUBLIKA. Kwa hiyo katika muda wa miaka 3 tu mwananchi wa Burundi alishika mikononi mwake noti zilizoandikwa juu yake mara mbili, kila mara kwa sababu nyingine.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ichukuliwe nyumba moja ya Muyinga, mfano wa nyumba nyingi. Babu alikuwa mchuuzi wa ndagala, akisafiri kwa baiskeli kati ya Gitega na Muyinga. Mwaka 1963 aliuza ng'ombe, na fedha za ng'ombe huyo hazikuonekana. Ukoo ulisema amezinywa. Mkewe alilisikia neno hilo mpaka akaliamini, na babu alikufa bila kulijibu, maana alikuwa mtu wa maneno machache.

Miaka mingi baadaye bibi anazeeka, na mto wa zamani wa pamba unapasuliwa ili ufumwe upya. Ndani yake kinatoka kitita cha noti. Siku ya tatu anakuja mtu kutoka mjini, habari zimemfikia, naye yuko tayari kutoa kitenge kimoja na kilo 5 za sukari. Bibi yuko karibu kukubali. Mjukuu wake, koplo wa jeshi, yuko nyumbani kwa likizo.

"Bibi, ngoja kwanza," anasema koplo. "Tuzipange mezani."

Anazipanga kwa thamani, kisha kwa chapa. Noti tatu zina neno BURUNDI limepita mshazari. Zilizobaki zote, na ndizo nyingi, hazina kitu: ni noti za benki ya pamoja, mamba na simba jike, bila chapa ya pili.

"Hizi tatu alizipata baada ya 1964," anasema koplo. "Hizi nyingine ni za kabla. Alikuwa amezificha. Siku za kubadilisha zilipofika hakuzitoa, na zilipokwisha hazikumfaa tena. Pengine alikuwa safarini, pengine aliogopa kuulizwa alizipata wapi. Akaona haya kusema."

Bibi anazitazama kwa muda mrefu.

"Basi hakuzinywa," anasema.

"Hakuzinywa, bibi."

"Na mimi miaka yote hii nimemhukumu marehemu."

Kitenge na sukari vilirudi mjini. Kitita kile hakikumrudishia mtu yeyote ng'ombe, lakini kilirudisha jina la mwenye nyumba. Kama noti zile zingeuzwa siku ile, au zingefuliwa na kupigwa pasi mpaka maandishi yakafifia, ushahidi ungeondoka nazo. Ndiyo maana inafaa kila nyumba ijue hatua chache zinazofuata.

HATUA ZA KUSOMA

Ya kwanza: itambuliwe fedha yenyewe kabla ya alama. Ni ya nchi gani, ya thamani gani, ya mwaka gani? Chapa ya pili haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko fedha iliyoibeba. Sarafu ya mwaka 1904 ikiwa na chapa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1890, mwongo amekwisha kujulikana.

Ya pili: itazamwe kama alama imezaliwa na sarafu au imegongwa baadaye. Herufi T ya Tabora si chapa ya pili. Ilikuwamo katika chuma cha kwanza, nayo imeinuka pamoja na maandishi mengine. Hali kadhalika herufi A ya Berlin na J ya Hamburg katika sarafu nyingine za Wajerumani. Chapa ya pili hukaa ndani ya shimo lake: uso wa sarafu umebonyea mahali hapo kwa umbo la duara, yai au mraba, na ndani ya shimo herufi zimeinuka. Sarafu ikigeuzwa, upande wa nyuma mahali pale pale huonekana pamelala au pamevimba, kwa sababu pigo lilipenya.

Ya tatu: zitengwe alama za bahati mbaya. Tundu la kupitishia uzi ili sarafu ivaliwe na mtoto shingoni si chapa. Alama ya jino la aliyejaribu ugumu wa madini si chapa, wala mkwaruzo wa msumari. Chapa ya serikali au ya jeshi huwa na umbo kamili lililokusudiwa, na hurudia kwa sura ile ile katika sarafu nyingi.

Ya nne: chapa isomwe kwa kugeuza sarafu pole pole. Aliyegonga hakujali sura ya mfalme imeelekea wapi, hivyo herufi zaweza kuwa kichwa chini au ubavu. Herufi huunganishwa pia ili zienee mahali padogo, kama zile za VAR. Msaada mkubwa ni mwanga wa pembeni. Tochi ikiwekwa chini, karibu na meza, ikamulika kwa ubavu, kivuli hujaza mashimo na herufi iliyopotea huonekana. Hapo ipigwe picha kwa simu, kwanza ikiwa imesimama, kisha ikigeuzwa robo kwa robo.

Ya tano: uchakavu ulinganishwe. Kama sarafu imechakaa lakini chapa ni kali, sarafu ilitumika miaka mingi kabla ya kugongwa. Kama vyote viwili vimechakaa sawasawa, iliendelea kupita mikononi mwa watu muda mrefu baada ya kugongwa. Na kama zipo chapa mbili zilizogusana, ile iliyokata ukingo wa mwenzake ndiyo ya baadaye. Kwa njia hii hata asiyejua Kilatini aweza kupanga mambo kwa mfuatano wake.

Ya sita inahusu noti. Chapa ya kweli imepigwa kwa wino wa kiwandani: kingo zake ni safi, mahali pake hapabadiliki sana kutoka noti hadi noti, na imepita juu ya picha na maandishi ya kwanza. Noti ikiwa imechakaa kwenye mikunjo, wino wa chapa nao sharti uwe umevunjika kwenye mikunjo hiyo hiyo. Wino ulioruka juu ya mkunjo wa zamani bila kuvunjika umetiwa juzi.

TAHADHARI KWA NYUMBA NA KWA POLISI

Mahali penye thamani hapakosi mwizi. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza iligonga kichwa kidogo cha mfalme George wa Tatu juu ya riale za Hispania ili zitumike London. Wadanganyifu wakaiga. Mwaka 1804 benki ikabadili chapa iwe ya pembe nane, nayo ikaigwa pia, mpaka benki ikaamua kuzipiga sarafu hizo upya uso wote. Ikiwa benki kuu ya dola kubwa ilishindwa kuilinda chapa yake, mnunuzi wa sokoni ajihadhari zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki uwongo wa kawaida ni wa hazina ya Mjerumani. Mtu huja na rupia moja ya kweli, akasema liko sanduku zima limefukiwa, kinachotakiwa ni fedha ya kulichimbua. Rupia ya kweli haithibitishi sanduku. Mwingine huuza noti za ufalme au za benki ya pamoja akidai kuwa benki bado yazipokea kwa thamani kubwa ajabu. Neno hilo lisiaminiwe kwa mdomo. Liulizwe Benki ya Jamhuri ya Burundi, na jibu litolewe na mfanyakazi aliye dirishani, si na rafiki wa mfanyakazi.

Askari arudipo kutoka kazi za nchi za nje, kama walivyorudi wengi waliohudumu Somalia tangu mwaka 2007, asichukue sarafu alizookota mahali pa kale wala asinunue zilizochimbwa huko. Mali ya kale ina sheria zake katika kila nchi. Tena sarafu iliyoondolewa ardhini bila kuandikwa mahali ilipokuwa imepoteza nusu ya maneno yake. Kama zile za Kalkriese zingeuzwa mitaani moja moja, VAR ingebaki herufi tatu tu.

KUHIFADHI

Sarafu isisuguliwe kwa majivu, mchanga, ndimu wala dawa ya meno. Kung'aa si usafi, ni ngozi iliyochunwa, na chapa hafifu ndiyo hutangulia kuondoka. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kila sarafu iwekwe katika bahasha yake ya karatasi ili zisigongane. Noti ikunjuliwe kwa vidole vikavu, ilazwe katikati ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito, isipigwe pasi wala kubandikwa gundi. Kopo liwekwe mahali pakavu, mbali na ukuta, kwa sababu ya unyevu na mchwa.

Juu ya bahasha yaandikwe mambo manne: ni fedha gani, ina chapa gani, ilikuwa ya nani, na ilipatikana wapi. Haya mawili ya mwisho hayamo katika kitabu chochote duniani. Yamo katika kichwa cha bibi peke yake, na bibi hatadumu milele. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye fedha asiyoweza kuitambua aweza kuomba ushauri katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955. Akaonyeshe, ashike risiti akiiacha.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya waliokufa. Mwezi wa Juni mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na wananchi walipewa siku 10 kuzipeleka benki. Kilichotenga noti hai na noti iliyokufa kilikuwa tarehe ndogo iliyoandikwa juu yake. Walioisoma mapema walipanga foleni. Aliyekuwa na kitita ndani ya mto, bila kumwambia mtu nyumbani, alikuwa katika hatari ile ile ya yule mchuuzi wa ndagala.

Kwa hiyo, pamoja na kulitunza kopo la babu, na itazamwe akiba ya leo. Mume anayekwenda zamu ya mbali amweleze mkewe fedha ilipo, na mke amweleze mumewe. Kila mwisho wa mwezi noti zilizowekwa nyumbani zitolewe, zisomwe tarehe na alama zake chini ya taa, watoto wakubwa wakiwapo, kisha zirudishwe. Ni kazi ya robo saa.